Chuma, kauri au plastiki angavu? Maswali yenu kuhusu vifaa vya kunyoosha meno

Barua nyingi zilizoifikia safu hii katika siku za karibuni zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kati ya vifaa vya kunyoosha meno vinavyopatikana leo, kipi ni bora kuliko vingine? Nimechagua chache ambazo zikisomwa pamoja zinagusa sehemu kubwa ya jambo hili. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha, kwa kuwa habari za kinywa ni za mtu mwenyewe na daktari wake.

Swali: Daktari, binti yangu ana umri wa miaka 13. Meno yake ya mbele yamebanana, na chonge zake mbili za juu zimeota juu sana ufizini, nje ya mstari wa meno mengine. Kliniki imetupa nafasi ya kuchagua vyuma vya kawaida, vyuma vya kauri, au vifuniko vya plastiki angavu, na tumeambiwa pia kwamba huenda magego madogo manne yakang'olewa. Binti anataka plastiki kwa kuwa haionekani. Baba yake anasema vyuma ndivyo vyenye nguvu. Nimsikilize nani?

Jibu: Mama, kabla ya kuchagua kifaa, mwombe daktari wenu awaeleze ni meno yapi yanayotakiwa kusogea, yasogee kwenda wapi, na kwa mwendo wa namna gani. Nasema hivi kwa sababu wazazi wengi huonyeshwa picha za vifaa kabla ya kuelezwa tatizo lenyewe, kisha wakachagua kwa kuangalia sura na bei, ilhali mpango wa matibabu ndio unaopaswa kutangulia na kifaa kiufuate.

Vifaa vyote hivi hutegemea tabia moja ya mwili. Jino halikugandamana na mfupa wa taya. Kati yake na mfupa pana utando mwembamba wa nyuzi, na jino linaposukumwa kwa nguvu ndogo ya mfululizo, seli za upande unaobanwa humumunya mfupa huku zile za upande unaovutwa zikijenga mfupa mpya. Kwa njia hiyo jino husafiri takriban milimita 1 kwa mwezi, liwe limeshikwa na chuma, kauri au plastiki. Nguvu ikizidishwa, mwendo hauongezeki. Damu huzuiwa kufika pale panapobanwa, maumivu huzidi, na ncha ya mzizi huweza kulika. Baba wa binti ana hoja, basi, lakini hoja yenyewe haihusu nguvu. Inahusu jinsi kifaa kinavyoweza kuuongoza mzizi.

Jino linaweza kuinama tu, taji likaenda mbele na mzizi ukabaki nyuma. Linaweza kusogea lote kwa pamoja likiwa wima. Linaweza kuzungushwa mahali pake. Na linaweza kuvutwa kushuka kutoka ufizini. Kuinamisha ni kazi nyepesi, na karibu kifaa chochote huiweza. Kazi hizo nyingine zinahitaji mshiko. Vyuma vya kugandishwa hupata mshiko huo kwenye breketi, yaani kile kipande kidogo kinachobandikwa juu ya jino, chenye mfereji unaopitisha waya. Edward Angle wa Marekani alitangaza mwaka 1928 muundo wa mfereji wenye pembe nne, na waya wa pembe nne unapoingia humo hauwezi kuzunguka ovyo, kwa hiyo humwezesha daktari kuuelekeza hata mzizi usioonekana. Katika miaka ya 1970 Lawrence Andrews akaendeleza muundo huo kwa kutengeneza breketi ambazo tayari zimebeba mwinamo unaofaa kwa kila jino, na breketi nyingi za leo zimejengwa juu ya mawazo ya wataalamu hao wawili.

Kifuniko cha plastiki, kwa upande wake, hulikumbatia jino kutoka nje. Kila kimoja hulisogeza kwa takriban robo ya milimita, kisha hubadilishwa baada ya wiki moja au mbili. Kinaweza kuinamisha, kufunga mianya midogo na kupanga meno yaliyobanana kidogo, na kinaifanya kazi hiyo vizuri. Kinapata shida zaidi kwenye meno yenye umbo la duara, kama vile chonge na magego madogo, na pale jino linapohitaji kuvutwa kushuka, kwa kuwa plastiki laini huteleza. Ili kuongeza mshiko, daktari hubandika juu ya meno vinundu vidogo vya rangi ya jino, jambo ambalo watu wengi hawaelezwi wanapoambiwa kwamba kifaa hicho hakionekani kabisa.

Ukiliangalia tatizo la binti yako kwa jicho hilo, utaona kwamba linakusanya karibu yote yaliyo magumu kwa plastiki: chonge mbili za kushushwa, na iwapo magego madogo yatang'olewa, nafasi ya takriban milimita 7 kila upande ambayo lazima izibwe huku mizizi ikibaki imesimama sambamba. Wapo mabingwa wanaoweza kuyatibu matatizo ya namna hiyo kwa plastiki, mara nyingi kwa kuchanganya na vifaa vingine, lakini kama ningekuwa mimi ndiye niliyeulizwa ningeshauri vyuma vya kugandishwa bila kusita.

Kuna sababu nyingine pia. Vifuniko hufanya kazi vikiwa mdomoni, na muda unaotakiwa ni saa 20 hadi 22 kwa siku, vikivuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Wapo vijana wa miaka 13 wanaoweza nidhamu hiyo, na wewe ndiye unayemjua binti yako kuliko daktari yeyote. Lakini breketi iliyogandishwa hufanya kazi hata siku ambazo mtoto amechoka, amesahau au amekasirika.

Sasa chuma au kauri? Breketi za chuma cha pua ni ndogo, imara, rahisi kurekebishwa, na gharama yake huwa ndogo zaidi. Breketi za kauri zina rangi inayokaribiana na ya jino, lakini ni nene kidogo, huweza kuvunjika, na waya hupita ndani yake kwa msuguano mkubwa zaidi. Jambo ambalo ningependa ulikumbuke ni kwamba kauri ni ngumu kuliko enameli, yaani lile tabaka gumu la nje ya jino. Ikiwa meno ya juu ya binti hufunika sana yale ya chini, breketi za kauri zikiwekwa chini zitasaga ncha za meno ya juu kila anapotafuna, na enameli iliyosagika haioti tena. Ndiyo maana madaktari wengi hukubaliana na njia ya katikati: kauri kwenye meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtu akicheka, na chuma kwenye meno yote yaliyobaki. Mwelezeni binti uwezekano huo, huenda akauridhia.

Kuhusu kung'oa, msikatae kwa hofu wala msikubali kwa haraka. Mwombeni daktari awaonyeshe hesabu ya nafasi, yaani upana wa meno yote ukilinganishwa na urefu wa upinde wa taya, pamoja na picha ya eksirei inayoonyesha mataya yote na ile ya ubavu wa uso. Daktari aliyepanga kazi yake hatachukizwa na ombi hilo, na mkipenda kupata maoni ya daktari wa pili kabla ya kung'oa meno yasiyo na ugonjwa, mna haki hiyo.

Swali: Nina miaka 41 na kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kuzungumza. Meno yangu ya chini yamebanana kidogo na ya juu yana mwanya uliopanuka miaka ya karibuni. Nimesoma kuhusu vyuma vinavyobandikwa upande wa nyuma wa meno. Je, vinanifaa kuliko kauri? Ufizi wangu hutoka damu ninapopiga mswaki, lakini hilo si tatizo kubwa.

Jibu: Kaka, naomba nianze na sentensi yako ya mwisho, kwa sababu naiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote. Ufizi unaotoka damu ni ufizi wenye uvimbe, na mwanya unaopanuka kwa mtu mzima unaweza kuwa dalili kwamba mfupa unaoshikilia meno umeanza kupungua. Kusogeza meno ndani ya ufizi mgonjwa huharakisha upotevu wa mfupa huo. Kwa hiyo unatakiwa kwanza upimwe kina cha ufizi kuzunguka kila jino, upigwe eksirei, uondolewe ukoga na ugaga, na daktari ajiridhishe kwamba uvimbe umetulia. Haya yakishafanyika, hata mtu aliyepoteza mfupa kiasi anaweza kunyooshwa meno, ila kwa nguvu ndogo zaidi na kwa uangalizi wa karibu. Mweleze daktari pia kama unavuta sigara, kama una kisukari, na kama unatumia dawa za kuimarisha mifupa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguza kasi ya meno kusogea na huongeza hatari endapo jino litang'olewa.

Nikija kwenye swali lenyewe, vyuma vya upande wa ndani vilibuniwa katika miaka ya 1970, Kinya Fujita akiwa Japani na Craven Kurz akiwa Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Ndivyo vyuma pekee vya kugandishwa ambavyo mtu aliye mbele yako hatavitambua katika mazungumzo ya kawaida. Malipo yake ni ya aina tatu. Kwanza ni gharama, maana mara nyingi breketi hutengenezwa kwa kufuata umbo la jino la mtu mmoja mmoja, na daktari anahitaji mafunzo ya ziada. Pili ni ulimi, ambao hukwaruzwa katika wiki za mwanzo, na pamoja nao matamshi: sauti za s, z na sh hubadilika mpaka ulimi uzoee. Kwa mtu anayeishi kwa kuzungumza hilo si jambo dogo, japokuwa wengi huzoea baada ya wiki kadhaa. Tatu ni usafi. Huoni unachokisafisha, na kwa mtu ambaye ufizi wake tayari umelalamika, hili linanitia wasiwasi kuliko yale mawili ya kwanza.

Kwa maelezo uliyotoa, yaani mbanano mdogo chini na mwanya juu, wewe ni mmoja wa watu wanaofaa sana kwa vifuniko vya plastiki, mradi ufizi umetibiwa. Unavivua, unapiga mswaki na kupitisha uzi kati ya meno kama kawaida, kisha unavirudisha. Pale nafasi inapohitajika chini, daktari anaweza kupunguza enameli kidogo sana kati ya jino na jino, kwa kawaida isiyozidi nusu milimita kila mahali meno yanapogusana, badala ya kung'oa. Utakunywa maji tu wakati umevivaa, kwa sababu vinywaji vya moto huipinda plastiki na vile vyenye sukari hubaki vimefungiwa juu ya jino bila mate kuvisafisha. Ujiandae pia kwamba mfululizo wa kwanza wa vifuniko ukiisha, mara nyingi daktari hupima upya na kuagiza mfululizo mwingine wa kumalizia. Uliza mapema kama gharama uliyotajiwa inaujumuisha.

Kauri nayo inakufaa, na ingekuwa chaguo langu la pili kwako. Vijiraba angavu vinavyofunga waya hubadilika rangi kwa vyakula na vinywaji vyenye rangi kali, lakini hubadilishwa kila unaporudi kliniki.

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nimeona tangazo la breketi zenye mlango mdogo unaojifunga, zisizotumia vijiraba. Tangazo linasema zinamaliza kazi kwa nusu ya muda, haziumi, na huondoa haja ya kung'oa meno. Je, ni kweli, na inafaa nilipe zaidi?

Jibu: Marahaba. Breketi hizo ni vifaa halali na madaktari wengi wazuri huzitumia. Kinachonisumbua ni ahadi zilizobandikwa juu yake. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili hazikuonyesha kwamba breketi hizi hufupisha matibabu kwa kiwango cha maana, wala kwamba maumivu yake ni madogo kwa namna ambayo mgonjwa angeitambua. Faida iliyothibitika ni kwamba daktari huokoa dakika chache anapofungua na kufunga waya. Kuhusu kung'oa, uamuzi hutokana na ukubwa wa meno, nafasi ya taya na sura ya uso; mlango wa breketi hauwezi kuongeza mfupa.

Maumivu ya kunyoosha meno, kwa vifaa vyote, huanza saa chache baada ya waya kukazwa, hufikia kilele karibu na siku ya pili, kisha hupungua ndani ya wiki moja. Muda wote wa matibabu kamili kwa watu wengi huwa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili, na kinachourefusha mara nyingi ni miadi iliyokosekana, breketi zilizong'oka kwa sababu ya kutafuna vitu vigumu, na raba za kuunganisha taya la juu na la chini ambazo mgonjwa hazivai. Kama daktari unayemwamini anatumia breketi hizo na gharama yake inalingana na za kawaida, zichukue. Kulipa zaidi kwa ajili ya ahadi za tangazo, sikushauri.

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 8, na taya lake la chini limetangulia mbele kiasi kwamba meno ya chini hufunika ya juu. Je, nisubiri meno yote ya utotoni yatoke kwanza ndipo nimpeleke kuwekewa vyuma?

Jibu: Usisubiri, mzazi mwenzangu. Chama cha madaktari wa kunyoosha meno cha Marekani hushauri mtoto apimwe kwa mara ya kwanza kabla au anapofikia miaka 7, na tatizo ulilolieleza ni miongoni mwa yale machache ambayo kuchelewa huyabadilisha matibabu yenyewe. Taya la juu likiwa bado linakua, na hasa kabla ya miaka 10, kifaa kinachovaliwa usoni na kulivuta taya hilo kwa raba kinaweza kulisogeza mbele. Baada ya ukuaji kukoma, tofauti kubwa ya mataya hurekebishwa kwa upasuaji pamoja na vyuma. Daktari atakuuliza kama yuko mtu mwingine katika ukoo mwenye taya la namna hiyo, maana mara nyingi hurithiwa, na atakueleza kwa uwazi kwamba watoto wengine huhitaji upasuaji hata baada ya kutibiwa mapema.

Swali: Kampuni moja mtandaoni inatuma vifaa vya kuchukulia alama ya meno nyumbani, kisha inatuma vifuniko vya plastiki kwa posta kwa gharama ndogo kuliko ya kliniki. Plastiki si ni ileile?

Jibu: Plastiki inaweza kuwa ileile. Kinachokosekana ni uchunguzi. Alama ya meno huonyesha taji peke yake. Haionyeshi mzizi mfupi, jino lililofungiwa ndani ya mfupa, usaha kwenye ncha ya mzizi, wala mfupa uliopungua chini ya ufizi unaoonekana mzuri. Mtu mwenye mojawapo ya matatizo hayo akiyasogeza meno yake mwenyewe sebuleni, anaweza kuyapoteza meno ambayo yangedumu miaka mingi.

Upo pia upande wa uangalizi baada ya kulipa. SmileDirectClub ya Marekani, iliyokuwa kubwa katika biashara hii, ilifunga milango yake Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakabaki na vifuniko mkononi bila mtu wa kuwaongoza. Naelewa uzito wa gharama, na sioni aibu yoyote katika kutafuta nafuu. Lakini nafuu ya kweli iko kwingine: vyuma vya kawaida katika kliniki ambako utachunguzwa, au hospitali ya kufundishia madaktari wa meno, ambako kazi hufanywa na wanaosomea ubingwa chini ya usimamizi wa walimu wao na mara nyingi kwa malipo madogo zaidi.

Swali: Meno yangu yana madoa ya kahawia na vishimo kwa sababu ya maji yenye floraidi nyingi niliyokunywa utotoni. Pia hereni na saa zenye nikeli huniwasha ngozi. Je, bado ninaweza kuvaa vyuma?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, kwa tahadhari mbili. Breketi hushikamana na jino kwa sababu daktari hupaka kwanza asidi inayokwaruza enameli kwa kiwango kidogo sana ili gundi ipate pa kujikita, njia ambayo Michael Buonocore aliieleza mwaka 1955. Enameli iliyokolea floraidi hukataa asidi hiyo na pengine ina vishimo, ndiyo maana breketi hung'oka mara kwa mara kwa watu wenye hali kama yako. Daktari anaweza kusugua uso wa jino kwanza, kuiacha asidi ikae muda mrefu kidogo, kutumia gundi inayofaa zaidi, na kuyafunga magego kwa pete za chuma badala ya breketi. Mimi ningekuepusha na kauri: hushika kwa ukakamavu na haipindi wakati wa kuiondoa, kwa hiyo enameli iliyo dhaifu inaweza kubanduka nayo. Matibabu ya madoa yenyewe yasubiri mpaka vyuma viondolewe.

Kuhusu nikeli, mdomo huvumilia zaidi kuliko ngozi, na watu wengi wanaowashwa na hereni huvaa vyuma vya pua bila tatizo. Hata hivyo mweleze daktari mapema, kwa kuwa chuma cha pua kina nikeli kiasi cha asilimia 8 hivi, na zile waya nyororo za mwanzo zinazotengenezwa kwa nikeli na titani zina nikeli zaidi ya nusu ya uzito wake. Zipo breketi za titani tupu na waya zisizo na nikeli. Ufizi ukivimba na kuwasha bila ukoga, au midomo ikipasuka na kuwa myekundu baada ya kuwekewa waya, rudi kliniki bila kusubiri siku ya miadi.

Swali: Nilivaa vyuma nikiwa na miaka 15 na meno yalinyooka vizuri sana. Sasa nina miaka 29 na ya mbele chini yamerudi kubanana. Rafiki ananiambia magego ya mwisho ndiyo yaliyoyasukuma. Je, nianze tena na vyuma vilevile, au safari hii nichague aina nyingine ambayo haitarudi?

Jibu: Dada, hakuna aina ya vyuma ambayo matokeo yake hayarudi nyuma. Nyuzi za ufizi zilizovutwa wakati meno yakisogezwa huchukua miezi mingi kutulia, hata kufikia mwaka, na zaidi ya hapo meno ya mbele chini huelekea kubanana kadiri umri unavyosonga, hata kwa watu ambao hawajawahi kuvaa chochote. Magego ya mwisho husingiziwa sana, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba kuyang'oa huzuia mbanano huo. Yang'olewe iwapo yana ugonjwa wake.

Kinachoyaweka meno mahali pake ni riteina, yaani kifaa cha kuyashikilia baada ya kunyooshwa, na naona uchungu kila ninapokutana na mtu aliyevumilia vyuma kwa miaka miwili bila kuelezwa hivyo kwa uzito unaostahili. Riteina ipo ya namna mbili. Ya kwanza ni waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele, kutoka chonge hadi chonge. Haihitaji kukumbukwa, ila inahitaji kusafishwa kwa uangalifu na kukaguliwa, kwa sababu ikibanduka kwenye jino moja, jino hilo huanza kusafiri bila wewe kujua. Ya pili ni ya kuvua na kuvaa, iwe ya plastiki angavu au ile ya waya na plastiki ngumu iliyoelezwa na Charles Hawley mwaka 1919, nayo baada ya kipindi cha mwanzo huvaliwa usiku. Ivaliwe usiku mpaka lini? Kwa muda wote ambao mtu anataka meno yake yabaki yamenyooka.

Kwa hali yako, kama ni meno manne au sita ya chini yaliyosogea kidogo na mataya bado yanakutana vizuri, huhitaji kurudia safari nzima. Vifuniko vichache vya plastiki vinaweza kutosha, au breketi kwenye meno ya mbele peke yake kwa miezi michache, na hapo uchaguzi wa chuma, kauri au plastiki unaweza kweli kufuata unachopenda na unachoweza kulipia. Sharti langu moja ni kwamba riteina iwe ndani ya mpango na ndani ya bei tangu siku ya kwanza.

Na kama bado unayo ile riteina uliyopewa zamani, usiilazimishe kuingia iwapo haikai hadi mwisho, lakini usiitupe. Nenda nayo kliniki pamoja na picha zozote za meno yako ya wakati ule, maana zitamwonyesha daktari kila jino limehama kutoka wapi na kwa kiasi gani.